Kipilefti kisicho na lefti

Sheha kazi yake kwa miaka tisa sasa ni kukodisha pikipiki kwa watalii huko Paje, na kila mtalii kabla hajapewa ufunguo lazima asomewe khutba. Mkono wa kushoto, rafiki. Ukitoka getini kushoto, ukifika kipilefti kushoto, ng'ombe akikatiza simama maana ye ndo mwenye njia. Mtalii anaitikia kwa kichwa, anawasha, anatoka getini, anakwenda zake kulia, na Sheha anabaki kashika kichwa. Jioni barazani ndo hadithi zake hizo, leo Mtaliano kaingia kwenye mchicha wa watu, jana Mjerumani kachuna goti, na sote tunacheka, maana ina raha yake kumcheka mtu aliyelipa nauli kutoka Ulaya kuja kuanguka kwenye mchicha.

Sasa hadithi hii ni ya siku Sheha alipokuwa yeye mtalii.

Jina lake la chuoni silitaji, akinisoma hapa atanidai. Sheha tunamwita kwa sababu hakuna ndoa, talaka wala harufu ya pilau inayopita mtaani bila ye kuiandikisha. Mzaliwa wa Wete, Unguja kaja mdogo. Mie mwenyewe ni mtu wa vespa, ya marehemu baba, naijua kwa mlio tu, ikikohoa najua inataka plagi, ikinyamaza najua inataka pesa, na safari yangu ndefu kabisa kabla ya hii ilikuwa mjini hadi Nungwi na kurudi na siku ile niliporudi nililala kama mgonjwa wa malaria.

Disemba iliyopita tulialikwa harusi Maskati, binamu yangu anaozesha, na Sheha akajialika mwenyewe kwa hoja kwamba bibi harusi alimuona mara moja akiwa na miaka mitatu. Harusi ikaisha, tiketi za kurudi zina siku sita mbele, na nyumbani kwa shangazi tulishakula mpaka tukaanza kuogopa mlango wa jiko. Sheha ndo akasema, yakhe, tukodi honda tuizunguke nchi. Shangazi akasema mna wazimu, huku mwenye kupanda pikipiki ni mpeleka chakula. Lakini leseni za kimataifa tulishakata nyumbani (hiyo akili ilikuwa ya Sheha tangu mwanzo, alikuwa kapanga zamani, msinidanganye) na kesho yake asubuhi tukawa mbele ya duka la kukodisha.

Kwetu kila pikipiki ni honda hata ikiwa Boxer au TVS, ila hizi zilikuwa Honda kweli, cc 500, ndefu, zina masanduku nyuma, uzito wake karibu kilo 200 kila moja. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, alizungusha ufunguo kidoleni akatusimamisha na kuanza, mkono wa kulia, rafiki. Ukitoka getini kulia. Ukifika kwenye mzunguko kulia. Ngamia akikatiza, simama. Wallahi maneno ni yaleyale, kabadilisha mnyama tu. Nikamtazama Sheha, Sheha anatazama viatu vyake.

Nataka nieleze kitu hapa kwa wale wanaofikiri ni rahisi. Ukiendesha gari nchi ya kulia, gari lenyewe linakukumbusha, usukani umehamia upande mwengine, wewe dereva siku zote unakaa upande wa katikati ya barabara, ukijikuta uko upande wa mtaro unajua umekosea. Pikipiki haina hilo. Umekaa katikati, mikono miwili, klachi kushoto breki kulia kama nyumbani, kila kitu kinakwambia uko Unguja. Na hatari haiko kwenye foleni, kwenye foleni unafuata wa mbele tu. Hatari iko pale njia ni tupu, unapotoka sheli, unapotoka kusali, asubuhi ya kwanza baada ya usingizi, hapo mwili unakwenda kushoto wenyewe kama punda anayerudi bandani. Mie nilifunga kitambaa cheupe kwenye usukani mkono wa kulia, nikawa kila nikiondoka nakitazama kwanza. Sheha akasema yeye hahitaji hirizi.

Kipilefti cha kwanza hakikuwa hata mbali na duka. Sisi kipilefti tumekipa jina lake kwa sababu unabaki kushoto, jina ndo maelekezo, sasa huko ukibaki kushoto umekwenda kukutana na mauti. Mie nikatazama kitambaa, nikaenda kulia. Sheha akaenda kushoto. Lori la maji lilipiga honi moja refu hivi, Sheha akakata usukani, akaweka mguu, na ukiweka mguu chini kuzuia kilo 200 mguu haukusaidii chochote, mashine ikalala polepole kama ngamia anayepiga magoti, na Sheha akalala nayo, katikati ya maua. Maana vipilefti vya Maskati vimepandwa maua, ya zambarau na meupe, yamepangwa safu safu kama zulia. Hakuumia. Dereva wa lori akateremka akamsaidia kuinyanyua, akampangusa udongo mgongoni, akasema pole kwa Kiarabu, akaondoka. Mie niliposhindwa kabisa kujizuia nilimwambia neno moja tu.

Mchicha.

Hakunisemesha kilomita 40.

Maskati mpaka Sur ni kama kilomita 200. Ukumbuke kisiwa chetu chote toka ncha hadi ncha ni kama 85, kwa hiyo kabla ya kuswali Adhuhuri tulikuwa tushaimaliza Unguja na zaidi na bado tunakwenda. Haiwei pana, ruhusa 120, kamera za spidi zimesimama pembeni kama walimu wa zamu. Mkono wa kushoto bahari, wa kulia milima mikavu, haina hata kijiti, rangi ya mkate wa ufuta ulioungua. Na hakuna mtu. Hili ndo lililonitisha kuliko malori. Kwetu hakuna njia isiyo na mtu, hata saa nane za usiku utamkuta mzee kabeba muhogo sijui anaupeleka wapi, ila pale unakwenda nusu saa unaona milima tu na kivuli chako mwenyewe kinakimbia pembeni. Halafu upepo, kutoka baharini, unakupiga ubavu wa kushoto bila kupumzika, ikabidi tuendeshe tumeinama upande kama mashua. Ni kaskazi hiyohiyo. Ile iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Wasuri bandarini kwetu kila mwaka, mwezi huohuo wa Disemba, na kurudi wanangojea kusi. Sikuwahi kuifikiria kaskazi kama kitu kinachotoka mahali, kwangu mie ilikuwa jina la msimu wa joto tu.

Tulisimama Bimmah kuliona lile shimo, Hawiyat Najm, wenyewe wana hadithi kwamba nyota ilianguka pale, ila ukweli wake ni jiwe la chokaa lililoliwa na maji chini kwa chini mpaka dari likaporomoka. Maji ya kijani chini kabisa, ngazi za kuteremkia, visamaki vinakuuma uma vidole. Sheha, ambaye sasa alikuwa karudisha sauti, akatazama akasema hili ni pango la Mangapwani limefunuliwa kifuniko, na mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo. Wadi Shab tuliiruka maana inataka kutembea sana na sisi tuna mabuti. Qalhat tuliona kwa mbali kaburi la Bibi Maryam limebaki peke yake juu ya mawe, mji mzima umeondoka umeliacha. Ibn Battuta alipita pale, huyohuyo aliyepita Kilwa 1331, na mie nilikuwa na wivu naye maana alikwenda kwa chombo, alikaa chini, hakuwa na makalio yanayowaka moto.

Sur nitaipita haraka ingawa ni mji mzuri, una mnara wa taa na daraja la kamba za chuma na bado wanaunda majahazi. Mafundi tuliowakuta ni Wahindi. Pembeni limewekwa jahazi la Fath al Khair, liliundwa Sur 1951, na Sheha akalishika ubao akalinusa. Kweli, alilinusa. Nikamuuliza unatafuta nini, akasema natafuta sifa. Yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo Nungwi. Hakuipata.

Usiku wa pili tukalala Ras al Jinz, mwisho kabisa wa mashariki, ambako kasa wanapanda kutaga. Disemba si msimu wao mkubwa, wengi huja miezi ya joto, lakini tulitoka na muongozaji saa tatu usiku na tulimkuta mmoja. Taa hamna, picha hamna, maneno hamna. Kwa Sheha hilo la maneno lilikuwa adhabu. Kasa anarusha mchanga nyuma kwa mapanga yake, pwaa, pwaa, anapumzika, anavuta pumzi kama mtu mzima aliyepanda ngazi, na macho yanamtoka machozi, wanasema ni chumvi anaitoa mwilini. Sheha alivumilia dakika ishirini. Halafu akaniegemea sikioni akasema, "Huyu angekuwa Nungwi angekuwa kashazoea kulishwa mwani mkononi, asingejitaabisha hivi."

Siku ya tatu ndo nilikuwa nataka kuifikia.

Toka Sur tukageukia ndani, Al Kamil, halafu Bidiyah, ambapo mkono wa kushoto unaanza mchanga wa Wahiba, vilima vyekundu vyekundu mpaka mbingu inapoishia, na upepo ukivuma mchanga unatambaa juu ya lami kama moshi, chini chini, ukiutazama sana unahisi barabara ndo inakwenda na wewe umesimama. Baridi ya asubuhi ilikuwa kali, sikutegemea, nilivaa kikoi ndani ya suruali. Karibu na Bidiyah Sheha akawa anapepesa taa, nyuma inayumba. Tukaingia sheli. Petroli pale lita haifiki robo rial, na rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, ipigieni hesabu wenyewe, Sheha alikuwa kila akijaza tangi ananitazama kama tumeiba. Ila siku hiyo hatukufika kwenye pampu. Mbele yetu gari ya Land Cruiser nyeupe imesimama mshazari, imeziba pampu mbili, na anateremka mzee wa kanzu nyeupe na kilemba na bakora, polepole, mguu mmoja, kisha anafikiri, kisha mguu wa pili.

Sheha, tairi inatoa pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama tuko Darajani, "Mtazame huyu, gari kubwa kama nyumba na kuiegesha hajui."

Mzee hakugeuka. Akamalizia mguu wa pili, akaweka bakora sawa, akasema, "Na baskeli nilijifunza Vuga kabla baba yako hajatahiriwa. Weye umejifunza wapi adabu?"

Ndugu zangu, mie niliwahi kuona aibu lakini ile ilikuwa na joto lake. Sheha alishuka pikipiki akataka kupiga magoti. Shikamoo babu, shikamoo babu, samahani babu. Mzee akaitikia marahaba, taratibu, kisha ndo akageuka, na uso wake umejaa kicheko, akasema tangu asubuhi hajapata mtu wa kumgombeza kwa Kiswahili, wajukuu wake ukiwagombeza kwa Kiswahili wanacheka. Akatazama tairi. Msumari wa skrubu umekaa katikati kabisa, kichwa kinang'aa. Akasema nifuateni, na akaendesha mbele yetu spidi ya gari la ng'ombe mpaka kwa fundi panchari mmoja Mhindi wa Kerala, na tairi hizi hazina tyubu ndani kwa hiyo fundi hakuivua hata, akang'oa skrubu kwa koleo, akasugua tundu kwa kile chuma kama bisibisi chenye meno, akachomeka kiutambi cha raba kilichopakwa gundi, akakata kilichobaki nje kwa wembe, akatema mate pale kuona kama pumzi inatoka, basi. Dakika kumi. Sheha akataka kupunguza bei kwa Kihindi chake cha sinema, na Kihindi chake chote ni maneno ya mapenzi, kwa hiyo alimwambia fundi kitu nadhani ni maisha yangu hayana maana bila wewe. Fundi akacheka akapunguza.

Mzee akasema sasa twendeni nyumbani, Mudhayrib, na si kwamba tuliulizwa.

Kuna kitu lazima mjue kuhusu upande ule wa Sharqiyah, Ibra, Mudhayrib na vijiji vya karibu, ndiko zilikotoka koo nyingi zilizohamia kwetu zamani, na ndiko wengi waliporudi. Mzee aliondoka Unguja 1964 akiwa kijana. Dar, kisha Dubai, kisha Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani wa nje warudi kuijenga. Hayo alituambia kwa sentensi tatu njiani kutoka garini mpaka mlangoni. Ya 1964 yenyewe hakuyazungumza na mie sikuuliza.

Mkewe alikuwa jikoni. Mzee akamwita, "Nimekuletea watu wa kwenu," na bibi akatoka anafuta mikono kwenye kanga, kanga kweli, akatutazama kutoka buti mpaka nywele zilizobanwa na helmeti, akamuelekea Sheha moja kwa moja akasema huyu Mpemba. Hajafungua mdomo bado. Sheha akasema naam bibi, Wete. Wete wapi? Akamtajia. Kumbe bibi mwenyewe wa Limbani, mtaa wa pili, na hapo mie na mzee tukawa hatupo tena, tukabaki kula tende na kunywa kahawa kama abiria wanaongojea boti. Nani kamuoa nani, nani kafa, nani kauza shamba la karafuu na kwa nini, skuli ipo, kisima kipo? Na Sheha, ambaye sote tunamsema kwa umbea, alikuwa na majibu ya kila swali. Miaka tisa anaandikisha habari za watu, kumbe alikuwa anaweka akiba kwa ajili ya saa ile.

Tulikula muhogo wa nazi na papa. Jangwani. Dirishani unaona minara ya kale ya udongo na mlima mkavu, na sahanini muhogo wa nazi. Mzee alikuwa na maswali yake pia, ya mjini, hayo ndo yalikuwa zamu yangu. Majestic pale Vuga bado wanaonesha picha? Hapana babu, imechakaa. Mkunazini pako vipi? Kikwajuni je? Na Beit al Ajaib, akasema, ile nimeiona kwenye simu, Disemba 2020, mtoto alinionesha imeporomoka upande nikadhani ni mchezo wa kompyuta. Nikamwambia ni kweli babu, ila inajengwa upya, na serikali ya huku kwenu ndo inasaidia. Akatikisa kichwa, jumba lile Sayyid Barghash alilijenga 1883, akasema, na sisi watoto tulikuwa tukifukuzwa pale uani kila siku.

Nilichokiona mie ni Kiswahili chao. Hakina bando, hakina kishkaji. Ni kile cha marehemu bibi yangu, wanasema kandili, wanasema "hayambo", wanakwenda polepole kama wanatembea na chano kichwani. Mjukuu mmoja wa miaka kumi na nne alikaa nasi muda wote, anaelewa hasa akitukanwa, kujibu hajui. Bibi akisema jambo kwa Kiswahili yeye anajibu kwa Kiarabu, na hakuna kati yao anayeona ajabu.

Ubishi ukatokea wa halua. Sheha kaapa tangu Maskati kwamba halua ya Oman pamoja na zafarani zake haifiki ya Wete, mzee akasema huyu mtoto kavuta hewa ya tairi, na wote wawili wakamgeukia bibi ahukumu. Bibi akasema ya huku nzuri sana, alhamdulillahi. Alipotuletea maji ya kunawa, mzee kaelekea msalani, akainama akasema, "Ya Wete." Akaenda zake.

Tulipokuwa tunavaa mabuti akamshika Sheha mkono. Nyuma ya nyumba yao pale Limbani, karibu na kisima, kulikuwa na mfenesi, mama yake aliupanda alipozaliwa yeye. Hataki fenesi, hataki mbegu, hataki chochote, anataka picha tu. Sheha akaweka mkono kifuani akasema bibi, wiki ijayo unayo. Akatoa simu, akachukua namba, akanipa na mie niihifadhi, kwa sababu simu yake anajua mwenyewe inavyopotea.

Baada ya hapo Nizwa, ambayo kila mtu anaisifu na mie naisifu, lakini moyo wangu ulikuwa umeshachoka kupokea. Njiani Birkat al Mawz, na nani aliyesoma chuoni asijue mawz ni ndizi, kweli migomba tele chini ya mlima wa mawe matupu, inanyweshwa na falaj, mfereji uliochimbwa na watu wa kale unaoteleza kwa mteremko tu bila pampu, maji yanagawanywa kwa zamu, kila shamba na saa yake. Hapohapo ndo inapoanza njia ya kupanda Jebel Akhdar na kuna kizuizi cha polisi, wanataka gari zinazovuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mlima tuliutazama kutoka chini tukaupungia mkono.

Alfajiri ya Ijumaa tukasali Nizwa. Kule wengi ni Ibadhi, wanasali mikono imeshuka, na imamu akimaliza Alhamdu hawaitikii. Mie nilikuwa najua. Sheha naye alikuwa anajua, shangazi alishamwambia, lakini saa kumi na moja ya asubuhi mtu hujui unalolijua. Imamu akamaliza, msikiti kimya kama kisima, na Sheha akaitoa AAMIN moja ya Wete, ndefu, ya kifua, ikazunguka dari lote ikarudi. Hakuna aliyegeuka. Walipotoa salamu mzee wa pembeni yake alimpa mkono akatabasamu akamuuliza kwa Kiswahili, "Unguja au Pemba?"

Pale soko la mbuzi tulikaa mpaka jua likawa kali, wanunuzi wamekaa duara, wauzaji wanawazungusha mbuzi katikati wakipiga kelele za bei, na Sheha akasema hata mbuzi hapa wanajua kipilefti.

Kurudi Maskati hakukuwa na jipya. Mwenye duka alizunguka ile honda ya Sheha mara mbili, akapitisha kidole kwenye mchubuko wa tangi, akaingia ndani akaleta simu, kapiga picha kila upande kabla ya kutupa ufunguo. Rial 15. Nikasubiri Sheha abishe, maana kwa kubisha ni bingwa wa mkoa. Hakubisha. Alihesabu noti akalipa, tukiwa nje akaniambia bei ni ya haki, na tena ile mbinu ya picha kwanza ni nzuri, yeye Paje alikuwa anategemea kumbukumbu tu.

Ilipita wiki, zikapita mbili. Sheha alikwenda Wete kwa boti ya Jumamosi. Jioni akanipigia. Nyumba ipo, wanakaa watu wengine, wamemkaribisha vizuri. Kisima kipo, kimefunikwa zege. Mfenesi umekatwa siku nyingi, wenyewe hawajui mwaka gani, pale pamejengwa choo.

Nikamwambia basi mwambie bibi. Akasema mwambie wewe. Tukanyamaza kwenye simu, tunakula vocha. Halafu akasema, yakhe, Pemba mifenesi haina vitambulisho. Na baada ya nusu saa ikaingia picha, mfenesi mkubwa, umebeba mpaka shinani, sijui wa nyumba ya nani, na pembeni kaingia mbuzi kwa bahati mbaya anaitazama kamera.

Picha ninayo. Bibi kaandika jana, "Wanangu hamjambo, mshafika Limbani?" Tiki zimeshageuka buluu, kwa hiyo anajua nimesoma.

Sheha naye kanitumia ujumbe asubuhi hii, ananiuliza kama mbuzi anaweza kukatwa kwenye picha.